Sabuni Iliyowaka Taa

Binamu yangu alipima chupa ya sabuni ya vyombo miezi mitatu mfululizo, akaandika kwamba taa yake imewaka.

Niliyeiweka ni mimi. Sijutii.

Haya, najuta kidogo.

Hapa kwetu Bluff, mji wa wavuvi kusini kabisa mwa dunia, kila Aprili ukoo mzima unavuka kwenda kisiwa cha mababu kuvuna ndege wa baharini, wale wanono wanaochuruzika mafuta. Usipokwenda, mwaka mzima wewe si mtu.

Mwaka jana sikwenda.

Mkaguzi wa mashua alikuta betri ya kifaa cha dharura imepitwa na tarehe. Ni kidude cha manjano kinachokaa kwenye kasha juu ya mashua. Ukizama, kinarusha ishara mpaka kwenye satelaiti, helikopta inakuja. Kila mwezi unabonyeza kitufe cha majaribio, taa inamweka, unaandika daftarini.

Kazi hiyo ilikuwa ya binamu Kereama. Akasema bila haya, "Bibi, mwezi huu nilimwachia Tipene."

Tipene ndiye mimi. Uongo mtupu!

Bibi Hinerau, mwenye mashua na neno la mwisho, akanifuta kwenye orodha. Wenzangu wakala ndege, mimi viazi vya bweni la shule.

Nikaapa kulipiza, kwa heshima zote.

Likizo ya Desemba nikakitoa kifaa, nikakificha chini ya majaketi ya kuokolea. Kwenye kasha nikaweka chupa ya sabuni, manjano ileile. Nikarudi shule na amani moyoni.

Mwisho wa Machi ukoo ulikusanyika gatini kupanga safari. Nikafungua daftari, nikasoma kwa sauti ya mchungaji:

"Januari: kimepimwa, taa imewaka. Februari: kimepimwa, taa imewaka. Machi: kimepimwa, taa kali sana."

"Una shida gani wewe?" Kereama akafoka. "Nimepima kwa mkono huu!"

"Basi fungua kasha, kaka."

Akafungua.

Kifaa kilikuwemo. Akabonyeza. Taa ikamweka.

Watu wakavunjika mbavu. Kereama akanipapasa kichwa. "Pole, msomi."

Ndipo Bibi akaingiza mkono kapuni, akatoa chupa yangu.

"Wiki iliyopita nilikuja kupima mwenyewe," akasema. "Nikaikuta hii, na kifaa chini ya majaketi, nikakirudisha. Kereama, taa kali sana, eeh? Kisiwani huendi."

Nikachekelea.

"Na wewe funga mdomo! Miezi mitatu wanangu wamevua kamba kwa mashua hii, na sabuni yako kashani. Wangezama, wangepuliza povu?"

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao wavuvi. Hakunitazama.

"Utakwenda," Bibi akasema, akanikabidhi chupa. "Vyombo vyote ni vyako. Wiki nane."

Sufuria ishirini kwa siku, mafuta ya ndege yamegandia mpaka kwenye vishikio. Sabuni iliisha siku ya tatu. Baada ya hapo sufuria nilizisugua kwa mchanga.

Siku hizi kifaa napima mimi, na taa naisubiri kwa macho yangu.

Funzo: ukimchimbia mvivu shimo, hakikisha baba yako hapiti hapo. Na chupa, chagua kubwa.