Mpelelezi Aliyejiandika Mwenyewe

Usiku kucha mama alikaa kitandani na viatu miguuni, simu mapajani, akingoja neno kutoka kwa kitindamimba wake. Simu haikulia. Binti alikuwa chuoni akilinda utafiti wake wa kumaliza shahada: programu aliyoipachika ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, inase kila faili linapobadilishwa au kufutwa. Kumbukumbu za wiki nzima zilitakiwa mbele ya watahini saa tatu asubuhi. Bila hizo, shahada aisahau.

Asubuhi mama aliwahi kazini. Jengo hilohilo la chuo alikuwa akilipiga deki mwaka wa kumi na moja sasa. Akamkuta mtoto amechuchumaa nje ya maabara.

"Imejaa, mama."

"Nini kimejaa?"

"Diski. Nilisahau kuiambia programu isijiangalie. Ikiandika kwenye daftari lake kwamba faili limebadilika, daftari nalo limebadilika, basi inaandika tena. Na tena, mpaka asubuhi. Kompyuta ya idara nzima imesimama."

Mama alielewa upesi: mlinzi wa getini anayejiandikisha kitabuni kila anapokigusa kitabu. "Sasa?"

"Kumbukumbu za siku sita ni nzima, zimefunikwa na taka tu. Nipewe dakika kumi nizitoe."

Akatokea mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Msasa, maana hakuna aliyepita mikononi mwake akabaki na ngozi. Fundi wa kompyuta alimfuata nyuma.

"Mpelelezi wetu huyu hapa! Kajikamata mwenyewe!" Msasa akasema. Fundi akacheka mpaka akashika ukuta, naye Msasa akaendelea: "Wenzako arobaini wamekwama. Fundi, ingia ufute diski yote."

"Shikamoo, mwalimu," mama akasema. Hakuitikiwa. "Dakika kumi tu, nakusihi. Ni wangu huyu."

Msasa akamtazama kuanzia ndoo hadi kilemba. "Kumbe! Mama anafuta uchafu, mtoto anauzalisha. Nyie hamtakosa kazi."

Binti akainamisha kichwa. Fundi akatoka maabara. "Nimeianzisha. Nusu saa diski itakuwa nyeupe."

"Funga mlango," Msasa akamwambia mama. "Huyu akiingia humo, kesho usije."

Mama akafunga kwa ufunguo wake. Wale wawili wakashuka ngazi wakiendelea kucheka, hatua zao zikapotelea chini.

"Mama, wameondoka. Fungua." Binti alimshika mkono. "Ufutaji bado haujafika kwenye kumbukumbu zangu. Nausimamisha tu, hata kiti sikalii."

Nyuma ya mlango mashine ilikuwa ikivuma. Mama alihesabu vinywa vitano vilivyokuwa vikingoja nyumbani, akahesabu na miaka yake mwenyewe; nani angemwajiri na magoti yale?

"Atajua."

"Miaka minne, mama! Minne!"

"Ungeiambia basi isijiangalie," mama akasema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Msasa kabisa.

Binti akaachia ule mkono. Akapiga mlango kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kisha akaketi chini akiuegemea. Mama akatumbukiza dekio ndooni, akalikamua.

"Sogeza miguu," akasema. "Nipitishe deki."