Mlango Uliokwaruza Kiangazi

Mpaka leo, nikiingia katika nyumba nisiyoijua, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua na kufunga mlango mara kadhaa. Wenye nyumba hudhani naogopa wezi. Nimepanga vyumba Uvira, Sange, Goma na Kalemie. Nimekaa kisiwani Idjwi msimu mzima nikiuza vitenge. Kila mahali mkono wangu umefika mlangoni kabla sijaweka mzigo chini. Mlango ukikwaruza sakafu, nauliza ulianza lini. Jibu lisiponiridhisha, silali hapo.

Tabia hiyo niliipata kwa mama yangu, katika nyumba yetu ya Bukavu, miaka ile ambapo nchi ilikuwa bado haijazoea kuitwa Zaïre, na baba alikuwa ameficha tai zake sandukuni na kuanza kwenda ofisini na abakosti, koti la serikali lisilovaliwa na tai. Mama hakuwa na ofisi. Watu wakiuliza anafanya nini, baba alijibu, "Iko nyumbani tu." Neno hilo "tu" lilimfanya mama atabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto akisema kitu asichokielewa.

Kwa sababu alikuwa nyumbani tu, alijua mengi, na mengi alinifundisha mimi, binti yake mkubwa, akiwa ameinama juu ya mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Makala yaliyonyeshewa usiyatupe. Yapange kuzunguka mbabula ya leo, yatakuwa makavu ya kesho. Sombe inapoanza kuchemka, acha sufuria wazi, ule ubaya wa majani ya muhogo utoke na mvuke. Nguo za mtoto zianike mahali unapoweza kuziona ukiwa jikoni, maana mvua ya Bukavu haipigi hodi. Na maharage, hapo alikuwa mkali kabisa: yakishakuwa motoni usiyaongezee maji baridi hata kidogo. Weka birika la maji ya moto pembeni. "Ukiyamwagia baridi," alisema, "yatakufanyia kiburi mpaka magaribi."

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kadutu, kwenye mteremko. Mbele yake palikuwa na kiwanja kidogo, halafu mashina ya migomba, halafu korongo. Ng'ambo ya korongo, mahali ambapo ardhi ilikuwa imelala vizuri, aliishi shangazi yangu, dada ya baba, mjane aliyekuwa na ulimi mkali na moyo mkubwa. Majirani wengi walikuwa na nyumba za miti na udongo. Ya baba ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Aliijenga kidogo kidogo, na wageni walipokuja aligonga ukuta kwa vidole ili wasikie jinsi ulivyokuwa mgumu. Hakuna aliyemwambia kwamba matofali ya kuchoma ni mazito kuliko udongo na miti, na kwamba mteremko hauheshimu kitu kizito.

Mlango wa mbele ulianza kukwaruza wakati wa mvua. Hakuna aliyeshangaa. Mbao hunywa maji, huvimba, hukwaruza. Baba alileta randa, akautoa mlango kwenye bawaba zake, zile bawaba za kizamani ambazo mlango huinuliwa tu na kutoka, akauranda chini, akaurudisha. Mvua zilizofuata, ukakwaruza tena. Akauranda tena. Mtaani kwetu kila mwanamume alifanya hivyo, na sauti ya randa wakati wa mvua ilikuwa kitu cha kawaida kama sauti ya kinu.

Mama ndiye aliyekuwa akifagia yale maranda. Akaona kitu. Mlango haukukwaruza upande wote, kama mbao iliyovimba ingefanya. Ulikwaruza kona ileile kila mara, kona ya upande wa korongo.

Halafu kiangazi kikafika. Vumbi jekundu likakaa juu ya majani, ziwa lililo chini ya mji likapotea nyuma ya ukungu mkavu, ngozi za mikono yetu zikapasuka. Asubuhi moja mlango ukakwaruza. Nakumbuka mama alisimama na ufagio mkononi, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

"Papa batoto," alimwambia baba jioni, "mulango iko nakwaruza."

"Mbao imekunywa maji."

"Maji gani? Mvua iko wapi? Kiangazi inakunywa nini?"

Baba akacheka. "Labda inakunywa kasiksi."

Sisi watoto tukacheka pia, tukimwazia mlango amelewa pombe ya ndizi. Mama hakucheka. Kesho yake aliacha kumwaga maji ya vyombo kwenye migomba. Wanawake wote wa mteremko ule walimwaga maji yao machafu kwenye mashina ya migomba, kwa sababu migomba huyapenda na hunenepa, na bila migomba hakuna ndizi wala kivuli. Mama akatuamuru tubebe kila beseni mpaka mtaro wa barabarani, juu, njia ya kupanda. Majirani walituona tukipanda na maji machafu kichwani, wakauliza kwa sauti kama siku hizi tunayapeleka sokoni.

Nyuma ya kitanda cha wazazi palikuwa na ufa ukutani, mwembamba kama uzi. Mama alichukua tonge la ugali wa muhogo, akalilainisha kwa maji, akalipaka kukatiza ufa, kama bandeji. Ugali ule ukikauka huwa mgumu kama chokaa, lakini hauvutiki. Nyumba ikitulia, unabaki mzima. Nyumba ikisogea, unakatika.

Baba aliuona. "Unalisha ukuta? Batoto banakula nini?"

"Niko naiuliza kitu," mama akajibu.

"Na inakujibu?"

"Bado."

Ukuta ulijibu kabla ya mwezi kwisha. Bandeji ya ugali ilikatika katikati, safi, kama iliyopitishwa kisu. Mama akapaka nyingine pembeni. Ikakatika. Tangu hapo nilianza kuogopa chumba kile. Nilikuwa nikiingia kuchukua nguo za wadogo zangu nageuza uso, nisiuone ukuta, na bado nilihisi kwamba wenyewe unaniona.

Mama alimwomba baba tuhame, hata kwa shangazi tu, mpaka mvua zipite. Sikuwahi kumwona baba amekasirika vile. Alisema hakujenga nyumba ya matofali ili akalale kwa mjane kama mtu asiye na kwake. Alisema mwanamke anayekaa nyumbani siku nzima huanza kusikia vitu. Mama akarudi jikoni. Wakati ule nilidhani ameshindwa.

Siku iliyofuata, baba alipokwenda kazini, mama alibeba mbabula kichwani, akashuka korongoni, akapanda mpaka kwa shangazi.

"Eh, mulamu!" shangazi akapiga kelele kutoka mlangoni, akimwita kwa jina la mawifi wanaotaniana. "Umekuja kunifukuza ku jiko yangu?"

"Makala ya kwangu iko na moshi. Nitapikia hapa leo."

"Leo tu?"

"Leo."

Shangazi alitazama ng'ambo, nyumba ya kaka yake iliyokuwa imesimama na matofali yake mekundu, akampisha aingie.

Kwa hiyo tukala kwa shangazi. Kesho yake sufuria zikavuka korongo, halafu kinu, halafu sahani. Mtu hula mahali chakula kilipo. Wadogo zangu, wakishashiba, walisinzia palepale, na mama akasema si vizuri kuwaamsha, basi mikeka nayo ikavuka. Hakuna aliyesema tunahama. Mwishowe sote tulikuwa kwa shangazi, isipokuwa baba. Yeye alikuja kula, akasifu sombe, akachekeshana na dada yake, halafu akachukua taa yake na kurudi kulala katika nyumba yake ya matofali. Tulikuwa tukiiangalia ile taa ikishuka, ikipotea, ikipanda. Mama hakuingia ndani mpaka aione imefika dirishani. Kila jioni nilimwona usoni akihesabu kitu ambacho sikukijua.

Mvua za kwanza zilikuja na nguvu. Jumamosi moja, baba akiwa amekwenda kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuchimba mitaro, mama aliniita tukachukue ndoo iliyobaki. Alisukuma mlango kwa bega, kama tulivyozoea.

Ulifunguka wenyewe. Haukukwaruza. Uliteleza kimya, ukagonga ukuta, ukarudi taratibu ukiyumba, kama unaotukaribisha.

Mimi nilifurahi. Nikasema, "Maman, umepona!"

Mama alikuwa ameshika mdomo. Aliingia peke yake mpaka chumbani, akatoka haraka. Mkono wake ulikuwa na vumbi mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ameuingiza kwenye ufa ule uliokuwa kama uzi; ukuta ulikuwa unaondoka, na fremu ilikuwa imeuachia mlango.

"Shika pale chini," aliniambia. "Inua."

Tuliuinua mlango kutoka kwenye bawaba. Tukaubeba, yeye mbele, mimi nyuma, tukashuka korongoni kwenye utelezi, tukapanda. Majirani walisimama wakatutazama. Mmoja akauliza kama tunauza nyumba vipande vipande. Mama aliongeza mwendo. Tulipofika aliuegemeza kwenye ukuta wa shangazi, akaweka maharage motoni.

Baba alifika adhuhuri akiwa na tope mpaka magotini. Alikuwa amepitia nyumbani.

"Mulango yangu iko wapi?"

"Karibu, ndugu yangu," shangazi akasema. "Iko pale. Nayo ilisikia njaa."

"Mi sicheki na weye!" Akamgeukia mama. "Batu banapita, banaangalia mupaka mu kitanda yangu! Nyumba haina mulango! Unataka baniite nani?"

Mama hakuinua sauti. "Papa batoto, kaa. Umechoka. Kula kwanza, maharage iko karibu. Ukimaliza, miye mwenyewe nitakusaidia kuibeba."

Baba aliangalia mlango, akaangalia sufuria. Alikuwa ametoka alfajiri bila kula. Akakaa. Mvua ikaanza tena, kwanza kwa matone makubwa, halafu yote kwa pamoja.

Maharage yalikuwa yanachemka vizuri, yamebaki kidogo tu. Maji yalikuwa yamepungua, nikanyoosha mkono kumpa mama birika la maji ya moto, kama alivyonifundisha. Hakulichukua. Alichota kikombe kwenye ndoo ya maji ya mvua, akayamimina sufuriani. Mchemko ukafa. Nilifungua mdomo, naye akanitazama, nikaufunga.

Maji yalipoanza tena kuchemka, alimwaga kikombe kingine. Shangazi aliona. Alichukua ungo akaanza kuchagua mchele uliokuwa umeshachaguliwa.

"Hii maharage ni mawe?" baba akauliza.

"Ni ya kijiji ya Miti," shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Ya kule iko na kiburi sana."

"Nitaenda, nitarudi kula."

"Iko karibu," mama akasema. "Usikie arufu. Unaenda na tumbo tupu, unabeba mulango mu mvua, ukianguka mu korongo nani atakuinua?"

Akakaa tena. Sijawahi kuona mtu akipika kwa hofu namna ile. Alikuwa amepiga magoti, mgongo kwa baba, macho kwenye korongo, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda kwenye ndoo na kurudi. Kila alichonifundisha alikuwa akikiharibu mbele ya macho yangu, kikombe kwa kikombe. Baba alisimama tena. Safari hii aliukamata mlango kabisa, akauinua begani. Mama aligeuka na mwiko mkononi.

Wakati huohuo mdogo wangu akasema, "Migomba inatembea."

Tukatazama. Ng'ambo, migomba yetu ilikuwa inashuka ikiwa imesimama wima, majani yakipunga polepole, kama wanawake waliobeba mizigo. Hapakuwa na kelele mwanzoni. Kiwanja kikaifuata migomba. Halafu nyumba ikapiga magoti upande wa korongo, bati likakunjamana, na ndipo sauti ikatufikia, nzito, ikitoka chini ya miguu yetu kuliko masikioni. Kwa muda tuliona kitanda cha wazazi wangu, kimetandikwa blanketi la bluu, kiko wazi kwenye mvua. Halafu hakikuwepo.

Baba alibaki amesimama na mlango begani. Shangazi ndiye aliyemtua. Mama alijaza sahani, akamwekea mbele yake, naye akala. Maharage yalikuwa magumu, niliyasikia yakivunjika kwenye meno yake. Aliyamaliza yote. Hakusema yalikuwa magumu, wala siku ile wala baadaye.

Mwaka uliofuata tulipanga nyumba Bagira, nyumba ndogo yenye fremu bila mlango, na baba akaupachika ule mlango wetu. Ulikuwa umerandwa mara nyingi kiasi kwamba kona moja chini ilibaki wazi. Panya walipita, upepo ulipita, mama aliweka gunia. Tulizoea kusema kwamba mlango ule, chochote kitakachotokea, hauwezi tena kugusa sakafu.

Ilikuwa asubuhi, kiangazi. Baba alikuwa anatoka kwenda kazini. Nilikuwa napanga makala yenye unyevu kuzunguka mbabula, niliposikia kitu kikikwaruza sakafu, kidogo tu. Baba alisimama kizingitini, mkono kwenye kitasa. Hakutaja mbao wala mvua. Aligeuka akamtazama mama.

Mama alifunika sufuria, akaikamata masikio yake mawili, akaiinua.

"Chukua mbabula," aliniambia.