Nyumba ya Bibi Haikuitika

Wiki jana nilipanda mlimani kutoka Same kwenda kwenye msiba, na kijana mwenye kipaza sauti akatangaza, "Kamati wameshafika." Nikakunja uso. Kamati imefika, ndugu yangu. Mimi niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu wajukuu wanausoma kwa kubahatisha, ila hilo moja mwalimu wetu alitukomalia: kundi ni kitu kimoja. Ukisema "darasa wametoka", unakwenda kumtekea maji nyumbani kwake. Nimeyateka mengi.

Bibi yangu alikuwa akimcheka. "Hilo kundi linalima kwa mikono ya nani?" Aliyasema hayo akikoroga makande, mahindi na maharage, chunguni, moshi ukimtoa machozi. Makande ya gesi hayana ule moshi, lakini tuyaache.

Sasa, siku moja ya msaragambo, yaani kazi ya wote, nikiwa bado mwanafunzi, pembe ilipulizwa alfajiri. Kila nyumba itoe mtu akazoe tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji. Bibi mguu ulikuwa umevimba, na maharage yake ndiyo kwanza yametoa maua. Akanipa jembe.

"Ukiitwa, sema umetoka kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Njiani nikawakuta wenzangu wamepanga mstari, mwalimu anawapeleka kusaidia. Nikaingia mstarini, maana kukaa nje ya mstari wa mwalimu yule kulikuwa na gharama yake. Tukazoa tope mpaka kiuno kikagoma. Kisha mgawa maji akaanza kuita nyumba moja moja. Alipofika kwa bibi nikanyoosha mkono.

"Huyo yuko na shule," mwalimu akasema. "Shule imeshaitika."

Mgawa maji akanitazama. "Mtu hahesabiwi mara mbili. Umetoka wapi wewe?"

Nikamwangalia mwalimu. Tope limenifika viwikoni, na sentensi ya bibi ninayo mdomoni. Nikasema, "Shule."

Zamu ikaturuka. Jua la wiki ile likapukutisha maua yote. Bibi hakunipiga, afadhali angenipiga. Msimu mzima tulikula mahindi yaliyochemshwa bila hata punje ya haragwe, na kila akinipakulia anauliza kwa upole, "Shule imeshiba?"

Wiki jana, baada ya mazishi, nikateremka hadi kwenye ndiva. Watu wana mabomba siku hizi. Kingo zimebomoka, magugu yamejaa, na ng'ombe wa mtu alikuwa anakula majani humo ndani kwa raha zake. Pembe sijui ilikwenda wapi, na hakuna tena anayeita nyumba.

Bado nasema kamati imefika, nimeshazeeka nayo. Ila nilisimama pale ukingoni, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nimetoka kwa Bibi."

Ng'ombe akainua kichwa, akaendelea kula.