Brashi Isiyo na Mwenyewe

Chwa, chwa, chwa: brashi ikizungushwa ndani ya kibakuli cha sabuni. Binti wa kinyozi alipokuwa mdogo, sauti hiyo ndiyo iliyomtoa mbio chumba cha nyuma hadi dukani kwa baba. Alipanda kiti kikubwa cha wateja, miguu ikining'inia, akatoa shavu. Baba alimpaka povu, akamnyoa kwa mgongo wa kitana, akampangusa kwa taulo, kisha akamuaga kama alivyowaaga wateja wote: "Zikiota, rudi!" Mtoto alishuka akijipapasa kidevu, na kabla mteja mwingine hajakaa, zimekwisha kuota, karudi.

Kinyozi huyo mtaa mzima ulimwita Mzee Povu. Wembe kila mtu anaujua, alikuwa akisema, lakini povu ni kipaji. Na katika kuaga hakubagua. Hata jirani yake fundi saa, mwenye kichwa kama sahani iliyooshwa, aliyekuja kunyolewa ndevu tu, aliagwa vivyo hivyo huku akipapaswa utosi.

"Zikiota, rudi!"

"Zikiota nitafanya sherehe, Povu. Na wewe sikualiki."

Brashi iliyofanya povu hilo aliachiwa na mtu aliyemfundisha kazi. Ilikuwa ya manyoya ya mnyama wa porini, wa nchi za baridi, laini kama pumzi. Ilikunywa maji ya moto ikayashika mpaka unywele wa mwisho. Binti alipokua akapata kazi ya kuuguza wanyama. Siku moja akaingia dukani, akaishika ile brashi, akaigeuza mkononi.

"Baba, unajua huyu walimpataje?"

Akamweleza habari za mtego wa waya, na za rungu. Wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi, wote masikio. Mzee Povu akawatupia jicho, akasema, "Basi mwambie aje, mama, tumlipe fidia."

Duka zima likacheka. Binti aliirudisha brashi mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka. Nyumbani aliendelea kuja na shikamoo yake haikupungua, lakini dukani hakukanyaga tena.

Sasa alikuwa amerudi chumba chake cha zamani. Saratani ilikuwa imemaliza mwili, na hospitali ilikuwa imemaliza dawa. Nywele zilikuwa zimeng'oka kwa mafungu, zimebaki viraka hapa na pale. Asubuhi moja baba akimtengenezea mto, binti alisema:

"Baba, nimalizie."

"Nikumalizie nini, mama?"

"Hizi. Nimechoka kuziokota." Akavuta pumzi. "Uninyoe wewe mwenyewe, kwa povu. Ila siyo kwa ile brashi."

Mzee Povu alikuwa tayari mlangoni, kofia mkononi.

Kijana anayeuza vifaa vya saluni alimpangia brashi juu ya kaunta. "Hii singa za nguruwe, mzee wangu. Inasugua mpaka dhambi."

"Nguruwe walimfanyaje?"

"Alichinjwa, watu wakala, singa zikabaki. Zitupwe?"

"Nyingine."

"Basi hii ya farasi. Farasi hafi. Anakatwa mkia tu, kama wewe unavyokata watu."

"Watu wanakuja kwangu kwa miguu yao, wanakaa. Farasi alikubali?"

Kijana akaangua kicheko. "Mzee wangu, unataka nikuletee sahihi ya farasi?"

Mzee Povu alikijua kicheko hicho. Kilikuwa chake, cha siku ile. Aliipitisha brashi ya farasi juu ya kifundo cha mkono, akaona ulaini wake, akafikiria ngozi ya kichwa cha binti yake ilivyokuwa ikiwaka hata kwa kuguswa na shuka. Farasi hafi. Akataka kuichukua. Lakini akilini akaziona nywele za binti yake zilizobaki kwenye mto. Na yeye binti hakufa siku zilipoondoka, ila hakuna aliyemuuliza. Akairudisha.

"Nipe ya plastiki."

"Hii hapa, plastiki tupu."

Akang'oa uzi mmoja, akawasha kiberiti. Ukanuka nywele iliyoungua. "Hii imechanganywa." Akajaribu ya pili. Uzi ulijikunja, ukawa kitone kigumu, harufu ya beseni lililosahaulika karibu na jiko. "Hii haina mwenyewe," akasema. "Funga."

Wa kwanza kuonja alikuwa fundi saa. Plastiki haikunywa maji, iliyatema. Povu likawa jembamba, tena la baridi.

"Leo unaninyoa kwa ufagio, Povu?"

"Vumilia. Siyo wewe ninayekutafutia."

Fundi saa alijua anatafutiwa nani. Hakutania tena. Kila siku alileta mashavu yake, hata yasipokuwa na kitu, mpaka Mzee Povu alipopata njia: sabuni kwanza, maji kidogo kidogo, na kati ya kupaka na kupaka, kuzifumbata nyuzi kwenye ngumi ili zipate joto la mkono.

Alimnyoa binti chumbani, dirisha likiwa wazi. Alipoanza kukoroga, binti, macho yamefumbwa, akasema, "Sauti siyo ile."

"Siyo ile."

"Ile umeitupa?"

"Nimeizika. Nyuma ya duka."

Binti akafumbua macho. "Umeizika?"

"Kinachotupwa ni taka, mama. Yule alikuwa na ngozi yake."

Binti akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Baba alisubiri, brashi juu, mpaka kikapita.

"Ungemwomba na msamaha."

"Nilimwomba. Nikiwa pale nimepiga magoti nikakumbuka mwingine, niliyemfanya achekwe na benchi zima."

Binti aliutoa mkono chini ya shuka, akaufumbata ule wa baba ulioshika nyuzi za brashi, zikapata joto la watu wawili. Kisha akamwachia afanye kazi.

Hakuna mahali Mzee Povu alipopitisha wembe polepole kama pale. Viraka viliondoka kimoja kimoja. Kichwa kikabaki kama alivyokipokea siku alipozaliwa, na mshipa uleule mwembamba juu ya sikio. Akampangusa kwa taulo, na kwa mazoea ya miaka yote maneno yakamjia mdomoni. Akayameza. Akaanza kukusanya vifaa.

"Baba. Hujaniaga."

Mzee Povu akaiweka brashi kitandani. Akainama mpaka mdomo ukakaribia kugusa lile sikio.

"Zikiota," akasema, kwa sauti ambayo hata dirisha halikuisikia, "rudi."