Babu Veit Hana Baba

Sharifa wa Pangani ana mdomo, Waswahili wote wa Doha wanajua. Lakini jambo moja lilimfunga ulimi miaka tisa: Warda, mtoto aliyemzaa bila ndoa. Bibi yake, mama wa Sharifa, ndiye aliyemlea kule Pangani, na mtoto akafundishwa kumwita Sharifa "dada". Kwetu ndivyo wanavyofanya, aibu inafunikwa kawa. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura nilijua. Haji, dereva aliyemletea posa, hakujua.

Mwaka 2012 sote watatu tulifanya kazi The Pearl, kisiwa cha matajiri hapo Doha, kwa Mzee Eberhard, Mjerumani. Mimi nafua, Sharifa anapika, Haji anaendesha gari. Mzee alikuwa akitafuta ukoo wake, ukuta mzima wa sebule umejaa majina. Alikuwa amefika kwa Veit, fundi mapipa wa miaka mia nne nyuma, na kwa furaha akaalika wageni. Mchana wa karamu, ndugu yake akampigia simu kutoka kwao. Kitabu cha kanisa kinaonyesha Veit alibatizwa kwa jina la mama peke yake. Baba hana.

Lo! Mzee akambandua Veit ukutani, akatuambia tuzime majiko.

Sharifa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mzee, huyo kakukosea nini?"

"Mtoto wa nje. Watanicheka."

"Na wacheke! Mama yake kambeba, kamzaa, kamlea mpaka kawa fundi. Bila yeye ungekuwepo wewe? Kwetu tunasema kitanda hakizai haramu. Mrudishe!"

Haji alikuwa mlangoni na mifuko ya sokoni, ameduwaa. Nikamfinya Sharifa anyamaze, atajiharibia. Wapi! Alishamgeukia, machozi yanamtoka na hasira zimempanda.

"Na wewe Haji, sikia. Warda si mdogo wangu. Nimemzaa mimi. Ukitaka kuniacha niache, lakini mwanangu simfichi tena, wallahi."

Haji akaweka mifuko chini, akaenda zake. Nilimchukia siku ile, na bado namchukia.

Mzee akamtazama Sharifa, kisha akambandika Veit pale pale alipokuwa. Sharifa hakumngoja. Alikuwa ameshapiga simu Pangani, sauti ameifungulia tusikie sote.

"Shikamoo, dada."

"Usiniite dada, Warda." Akaisogeza simu karibu. "Mimi ni mama yako."

"Kwani ulidhani sijui, mama?"