Filimbi ya Mzee Gavana

Haya, ninyi mliotoka makaburini, mlionawa na msionawa, sogeeni hapa kwenye jamvi. We Shabani, kula taratibu, huo wali hauna miguu. Najua mnanong'ona: hawa wazee wa Kikongo walikuwa na nini leo, kusimama na jeneza begani katikati ya njia kama nguzo za umeme? Nitawaambia.

Huyu tuliyemzika mlimwita Mzee Gavana, mkadhani ni utani, maana alikuwa mwembamba kama fito ya kuanikia dagaa. Sio utani. Ng'ambo kule Kongo alikuwa gavana kweli, na mimi mpishi wake. Enzi hizo tumbo lake lilikuwa linaingia ofisini saa mbili, mwenyewe anafika saa nne. Kuhe mmoja, samaki mkubwa kama mtumbwi, anamla peke yake na sufuria mbili za sombe, kisamvu chetu, halafu ananiuliza, "Mpishi, chakula kiko wapi?"

Alianza ukarani, akapanda, akapanda. Siku jina lake linasomwa redioni kwamba ndiye gavana, alikuwa anaoga. Akatoka na povu kichwani, akaapishwa na povu lake hivyohivyo. Mnacheka? Basi niulizeni nani alishika taulo.

Kitu kimoja tu hakutaka mchezo nacho: bendera. Kwetu asubuhi inapanda, jioni inashuka, na polisi anapuliza filimbi. Ukiisikia unasimama hapohapo. Umebeba ndoo, simama nayo. Kijiko kiko mdomoni, kibaki mdomoni. Ukipiga hatua, unalala ndani. Gavana wetu aliikaza hiyo sheria mpaka mbuzi wa sokoni wakaijua. Mimi kwa macho yangu niliona kuku kasimama mguu mmoja, anangoja bendera ifike chini.

Vita vilipokaribia, wakubwa wengine walipanda ndege na magodoro yao. Yeye akabaki. Hapo sitii chumvi. Aligawa unga kwa mikono yake, akalala ofisini, akasema gavana anatoka wa mwisho. Mtu mwema alikuwa. Lishikeni hilo, maana ninakokwenda mtataka kulisahau.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Nilikuwa jikoni kwa Gavana na mke wangu, Riziki. Akaonja sombe yangu, akakunja uso.

"Baba we, unampikia gavana au unampikia mgonjwa? Chumvi hamna! Na mawese yameisha."

Akachukua dumu, akaenda sokoni, anacheka mpaka getini.

Nikaongeza chumvi.

Ndo nikasikia bunduki.

Nikakimbilia ofisini kwa Gavana, kando ya ziwa, boti chini yake. Barabara ya sokoni inashuka moja kwa moja mpaka pale. Mji mzima ulikuwa kwenye barabara hiyo, unakimbilia majini. Nikamwona Riziki, kitambaa cha njano, dumu kichwani. Mji unaungua, yeye mawese yangu hajayatupa.

Polisi alishika kamba ya mlingoti. "Mkubwa, nishushe tu, bila filimbi?"

"Bendera sio kaptula ya kuanua," Gavana akasema. "Puliza."

Akapuliza.

Barabara nzima ikasimama.

Watu waliokuwa wanakimbia kifo, wakasimama wima, mikono ubavuni. Riziki naye.

Nikapiga kelele, "Kimbia, Riziki! Kimbia!"

Alinisikia. Aliniangalia. Akazungusha macho kuionyesha bendera, kama anayeniambia, huoni bado?

Bomu likaanguka pale barabarani.

Ya kuvuka ziwa sina namna ya kuyapamba. Tulivuka.

Tulishukia Bangwe, upande huu wa ziwa. Mama yake Riziki, Bibi Zawadi, alikuwa ametangulia na boti jingine, anamngoja mtoto wake ufukweni. Nikashuka mimi. Akashuka Gavana na tumbo lake. Bibi akaendelea kuangalia ndani ya boti.

Ile bendera aliyovuka nayo ililowa, ikachuja. Gavana akaianika mchangani karibu na dagaa, na mwanamke mmoja akamwuliza, "Baba, hicho kitenge unauza?" Gavana akaikunja, sikuiona tena.

Tumbo nalo likaisha. Nilimpikia, hakula. Sombe hakuigusa mpaka anakufa. Tukahamia hapa Buzebazeba, akawa anaanika dagaa za watu kule Katonga. Kila asubuhi, kabla ya dagaa, anachota ndoo ya maji, gavana mzima, anaibeba kichwani mpaka mlangoni kwa Bibi Zawadi.

"Shikamoo, mama."

Kwetu shikamoo hatunayo. Alijifunza hapahapa, akaisema vizuri kuliko ninyi Waha wenyeji. Bibi Zawadi anachukua ndoo, anaingia ndani. Kimya. Kesho tena. Miaka yote, kimya.

Juzi, akiwa kitandani, amebaki macho tu, akaniuliza, "Mpishi, yule mama ataniitikia lini?"

Nikamwambia, "Mkubwa, maji anakunywa."

Akasema, "Basi kesho umpelekee wewe."

Na mimi? Mwataka kujua kama nilimsamehe. Mimi nilimpikia. Nimetafuta neno jingine, silioni.

Sasa leo. Tumembeba, sisi wa ng'ambo watupu, mvi kichwani, magoti yanalia kama milango. Pale uwanjani kando ya makaburi vijana wanacheza mpira. Refa akapuliza filimbi.

Tukasimama. Sote. Jeneza begani, mikono ubavuni. Ninyi wa nyuma mkatukanyaga visigino, mkaanza "vipi, wazee, vipi?" Nilitaka kwenda, wallahi, mguu ukagoma. Macho yangu yakaenda juu yenyewe, yanatafuta bendera.

Hakuna aliyesogea mpaka Bibi Zawadi, yule pale anayejifanya hanisikii, akapita katikati yetu na fimbo yake, akaligonga jeneza, akapaza sauti:

"Tembeeni! Aliyekuwa anatusimamisha si ndo huyu mmembeba!"