Mgeni Niliyemficha Makole

Jamani, mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha waandishi hapa Dodoma nikajigamba, "Mgeni huyu nitamficha mimi." Mgeni mwenyewe, Salome, alikuwa ametoroka nchi yao kwa sababu ya riwaya aliyoiandika. Nikampa chumba kwangu, Makole. Juzi mchana nilimpikia ugali kwa mlenda, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Kwa ushamba wangu nikampiga picha, nikaiweka mtandaoni: "Makole tumepata mwandishi mkubwa!" Sifa zikamiminika, nami nikazisoma moja moja huku nachekelea. Jioni Salome alitoka chumbani na simu mkononi.

"Dada, mama amepiga. Askari wamejaa nyumbani, wanamuuliza Makole ni wapi."